Pori, Mila na Bahari: Kupanga Safari ya Familia Kutoka Serengeti hadi Unguja

Saa nne asubuhi, geti la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro kutokea Karatu. Gari dogo la familia limeegeshwa pembeni. Ndani wamo watoto wanne na bibi yao, na kwenye buti kuna ndoo ya pilau iliyopikwa usiku. Baba anatoka ofisini uso umemshuka. Ameambiwa kwamba gari lake haliruhusiwi kushuka kreta, kwa kuwa njia ya kushukia ni ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Magari ya kukodi yapo Karatu, lakini ni msimu wa likizo na mengi yameshaondoka tangu alfajiri.

Familia kama hii haikukosa fedha wala hamu. Ilikosa taarifa moja tu, ambayo ingepatikana kwa kupiga simu wiki mbili kabla. Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili yake na kwa wengine wote wanaotamani kuona wanyama, kukutana na watu wa njiani na kumalizia ufukweni, katika safari moja. Raia wa Tanzania na wenzao wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko kile anachotozwa mgeni kutoka ng'ambo. Kinachowashinda wengi ni mpango.

Kalenda kwanza, ramani baadaye

Wasafiri wengi huanza kwa kuuliza waende wapi. Swali la kwanza lingekuwa waende lini, maana wanyama, mvua na bahari vina ratiba zao, na likizo za shule nazo zina zake.

Nyumbu wa Serengeti, zaidi ya milioni 1, wakiandamana na pundamilia na swala, hawakai mahali pamoja. Kati ya Januari na Machi huwa kusini, kwenye mbuga za Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano, nao huotesha majani mafupi yenye madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Februari huzaliwa maelfu ya ndama kwa siku, na ndama husimama na kukimbia dakika chache baada ya kuanguka chini. Mvua za masika zikielekea kwisha, makundi husogea magharibi na kuufikia mto Grumeti takribani Mei na Juni. Kati ya Julai na Oktoba huwa kaskazini, ambako huvuka mto Mara wenye mamba. Mvua za vuli zikianza, hurudi kusini.

Mzazi mwenye watoto shuleni ana nafasi mbili kubwa: likizo ya katikati ya mwaka na ile ya Desemba. Juni ni mwanzo mzuri wa kiangazi. Majani yanaanza kupungua, wanyama wanaonekana kwa urahisi, na Tarangire tembo wanakusanyika kandokando ya mto uliobaki na maji. Desemba kuna uwezekano wa mvua za vuli na matope barabarani, lakini nchi ni ya kijani na nyumbu wamekwisha kuanza kurejea kusini. Aprili na mapema Mei ni wakati wa kuahirisha, isipokuwa labda kwa mtu anayetafuta bei ya chini na asiyejali kukwama.

Kalenda ya dini nayo itazamwe. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Unguja hufungwa mchana, na mgeni hatarajiwi kula wala kunywa hadharani. Kwa upande mwingine, anayefika Makunduchi mwezi Julai anaweza kuikuta sherehe ya Mwaka Kogwa, na anayefika Mji Mkongwe Februari anaweza kukuta tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004.

Porini: mambo ya kujua kabla ya geti

Njia ya kaskazini ndiyo maarufu zaidi, na kwa sababu. Ndani ya siku tano au sita msafiri anaweza kuona Tarangire yenye mibuyu na tembo, kreta ya Ngorongoro na mbuga za Serengeti, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Sakafu ya kreta ina kilomita za mraba 260 hivi, na kuta zake zina kimo cha takribani mita 600. Humo wamo simba, nyati, viboko na faru weusi. Watoto wengi humtafuta twiga siku nzima wasimwone: kuta ni za mwinuko mkali na sakafuni miti ya kumlisha ni haba, kwa hiyo yeye hubaki nje. Mzazi anayelijua hilo atawaonyesha twiga siku ya Tarangire, asisubiri kreta.

Baridi ya ukingoni mwa kreta huwashangaza watu wa Dar es Salaam na Tanga. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Juni ukungu hutanda na vidole hufa ganzi. Kila mtu awe na sweta na koti, hata kama safari itaishia ufukweni.

Rangi ya nguo nayo si jambo la urembo tu. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo za rangi ya udongo au kijani iliyofifia zinafaa zaidi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar kabla ya hapo. Chakula kiwekwe kwenye vyombo au vikapu.

Chakula hicho kina hadithi yake. Chini ya kreta, kando ya bwawa la Ngoitokitok, kuna mahali palipotengwa pa kula mchana. Msafiri anatoka garini, anafungua chombo, anainua paja la kuku. Kivuli kinapita. Mwewe ameshuka kwa nyuma, amelinyakua paja na ameshapaa, na mkononi labda umebaki mkwaruzo. Madereva wazoefu huwaambia wageni wao wale wakiwa ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa nusu, kisha watoke kunyoosha miguu mikono ikiwa mitupu.

Kwingineko hakuna kutoka garini ila pale palipoandikwa. Gari halitoki barabarani kumfuata duma, kelele hazipigwi kumwamsha simba, na tembo anayetikisa masikio hupewa njia. Watoto waelezwe haya nyumbani, siku kadhaa kabla, maana mbele ya simba hakuna anayesikiliza somo.

Njia fupi kwa walio na siku chache

Si lazima kila familia iende kaskazini. Kutoka Dar es Salaam, treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024 imefupisha sana mwendo. Kutoka Morogoro hadi Hifadhi ya Mikumi ni safari ya gari ya saa chache. Uwanda wa Mkata una twiga, nyati, tembo, pundamilia na simba, na bwawa la viboko liko karibu na geti. Barabara kuu ya kwenda Iringa hukatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50. Dereva apunguze mwendo, hasa usiku, kwa sababu wanyama huvuka.

Baada ya hapo familia inaweza kwenda Bagamoyo, ambako kuna magofu ya Kaole yenye msikiti wa tangu karne ya 13, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kaskazini yake ipo Hifadhi ya Saadani, ambako pori linagusa Bahari ya Hindi. Hapo pori, historia na bahari hupatikana bila kupanda ndege wala boti.

Watu wa njiani

Utamaduni hauonekani kupitia dirisha la gari. Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ni mji ambao watu wa makabila mengi wamehamia kwa sababu ya maji na rutuba. Anayezunguka kwa miguu na mwenyeji huona mashamba ya mpunga, migomba ya ndizi nyekundu, wachonga vinyago wa Kimakonde na wapika mbege wa Kichaga. Malipo hufanywa kwenye ofisi ya utalii wa utamaduni, si kwa kila anayepita, ili sehemu ya fedha ifike kijijini.

Kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, na lugha yao ina vidoko vya ulimi. Majirani zao Wadatoga hufua vyuma na kutengeneza bangili na vichwa vya mishale. Kuwatembelea kunahitaji mwenyeji anayeijua lugha na anayeheshimika nao. Picha huombwa kwanza. Mgeni akisalimia vizuri, akakaa chini, akauliza na kusikiliza, huondoka na mengi kuliko aliyekuja kamera ikiwa usoni.

Kati ya kreta na Serengeti lipo bonde la Oldupai. Jina hilo ni la Kimaasai, la katani ya mwituni inayoota humo. Wageni wa zamani walilisikia vibaya, ndipo likaandikwa Olduvai. Hapo mwaka 1959 Mary Leakey aligundua fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Nyayo za Laetoli, zilizopatikana mwaka 1978 kusini ya hapo, ni za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Saa mbili kwenye makumbusho ya Oldupai humfaa mtoto wa sekondari kuliko sura nzima ya kitabu cha historia.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nao unahitaji kutembewa kwa miguu. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka huohuo. Watoto waambiwe ukweli wa mahali hapo kabla ya kuingia, na wapewe nafasi ya kuuliza. Mavazi ya kufunika mabega na magoti ni heshima kwa wenyeji, hata jua likiwa kali.

Bahari ina ratiba yake

Mtu wa bara anayefika Jambiani au Paje anaweza kudhani amedanganywa: jana jioni maji yalikuwa mlangoni, leo asubuhi yamerudi nyuma hadi karibu na mwamba ambako mawimbi yanapasuka. Ni kupwa na kujaa, na ufuko wa mashariki wa Unguja una maji mafupi yanayokimbia mbali. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kila siku saa za kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50, kwa hiyo saa ya kuogelea ya Jumatatu si ya Alhamisi. Wavuvi na wahudumu wa hoteli wanazijua. Kuuliza ni bure.

Maji yanapokupwa, Jambiani inafunguka. Wanawake hushuka na kamba na vigingi kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoenea Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipande vya mwani hufungwa kimoja kimoja kwenye kamba, kamba huvutwa kati ya vigingi viwili, na maji yakirudi huufunika na kuulisha. Mgeni anayetaka kuona afuatane na mwenyeji, avae viatu kwa sababu ya mawe makali na miiba ya viumbe wa baharini, wala asikanyage kamba.

Anayetaka kuogelea saa zote aelekee Nungwi au Kendwa, ambako maji hayarudi mbali hivyo. Upepo nao hupangiwa: kuanzia Juni kusi huvuma upande wa mashariki, na Desemba huja kaskazi na joto lake. Katika msitu wa Jozani wako kima punju, wanaopatikana Zanzibar tu. Hawalishwi wala kuguswa. Katika kisiwa cha Changuu wako kobe wakubwa waliotoka Shelisheli.

Gari, mkataba na mfuko wa pamoja

Gharama kubwa ya safari ya kaskazini ni gari. Mafuta na posho ya dereva havipungui sana abiria wakiwa wawili badala ya sita. Ndiyo maana ndugu wawili au majirani wa kikundi kimoja cha kuweka akiba hupata nafuu wakisafiri pamoja. Familia nne zikichanga kila mwezi kwa mwaka mzima, kama wafanyavyo kwa harusi, zinaweza kujaza magari mawili bila kukopa.

Kampuni ya kuongoza watalii huwa na leseni ya serikali, na mteja ana haki ya kuiona kabla ya kulipa. Mkataba uandikwe, useme mambo haya: idadi ya siku, kama viingilio, ada ya gari kushuka kreta, mafuta na chakula vimo, dereva analala wapi na kwa gharama ya nani, gari likiharibika litaletwa lingine ndani ya muda gani, na fedha ngapi hurudishwa safari ikiahirishwa. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, na risiti itunzwe hadi mwisho. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti, na watoto vyeti vya kuzaliwa. Bila hivyo getini hakuna uthibitisho wa uraia, na kwenye boti ya Unguja pia huulizwa.

Ratiba ya siku 11 za Juni

Siku ya 1 ni Arusha hadi Tarangire, kulala Mto wa Mbu. Siku ya 2 asubuhi ni matembezi ya mjini hapo, jioni Karatu. Siku ya 3 ni kreta, kuingia getini mapema. Siku ya 4 ni Oldupai, kisha Serengeti hadi Seronera, ambako simba na chui huonekana mwaka mzima. Siku ya 5 nzima ni ya Serengeti. Siku ya 6 ni kurudi Arusha, na ya 7 ni basi la Dar es Salaam. Siku ya 8 boti huvuka kwa takribani saa mbili, na mchana ni wa Mji Mkongwe. Siku ya 9 na ya 10 ni za Jambiani, saa za kuogelea zikiwa zimeshaulizwa. Siku ya 11 ni kurudi.

Familia itakayosafiri Juni ianze Februari: ichague tarehe, ihesabu watu, iulize kampuni tatu bei ya gari kwa maandishi, kisha ifanye malipo ya awali. Machi iweke nafasi za kulala. Mei imalize malipo na kukagua vyeti vya watoto. Wiki ya mwisho ibaki ya sweta, viatu vya kuingilia majini, dawa ya mbu, na ndoo ya pilau yenye kifuniko kinachokaza.