Kutoboa Bati Jembamba

Katika miji ya Afrika ya Mashariki wako mafundi wengi wa bati. Katika soko la Kamukunji, mjini Nairobi, milio ya nyundo zao husikika tangu asubuhi hata jioni. Mafundi hao huchukua mabati na makopo matupu, wakafanyiza masanduku, majiko, machujio na vibatari. Karibu vitu hivyo vyote vyahitaji matundu. Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani kuwa ni jambo jepesi, maana msumari hupenya bati mara moja. Lakini kutoboa si kazi. Kazi ni kutoboa vizuri.

Kibatari ni mfano mzuri. Katika kifuniko chake pana tundu, na ndani ya tundu hupitishwa kijibomba cha kushika utambi. Iwapo tundu ni la mviringo kamili, kijibomba hukaa kwa kubana. Iwapo tundu limechanika, kijibomba hulegea, na mafuta hupenya kandokando yake na kuukaribia moto. Nyumba yaweza kuungua kwa sababu ya tundu moja baya. Tena kingo zilizochanika hukata vidole vya yule asafishaye taa.

Kwa nini bati huchanika

Ubao mnene ukitobolewa, sehemu ya chini huishikilia sehemu ya juu. Bati jembamba halina kitu chini yake ila hewa. Likipigwa, kwanza hubonyea, kisha hupasuka. Msumari wenye ncha haulikati bati, bali hulisukuma kando, nalo hufunguka kama ua lenye majani makali.

Keekee nayo ina shida yake. Jino la kutobolea chuma lina ncha iliyochongoka. Ikiwa jino lina upana wa milimita 10, na limenolewa kwa kawaida, urefu wa ile ncha peke yake ni milimita 3 hivi. Bati la kuezekea nyumba aghalabu halifiki unene wa nusu milimita. Basi ncha hutokea upande wa pili kabla upana wote wa jino haujaanza kukata. Sasa jino halina kitu cha kulishika katikati. Huyumbayumba, na tundu huwa la pembe tatu badala ya mviringo.

Shida zote mbili zina dawa moja: bati lipewe mgongo. Fundi hodari huliegemeza bati juu ya kitu kigumu kabla ya kulitoboa.

Njia ya tindo

Matundu madogo hutobolewa vema kwa tindo ya kutobolea. Mwisho wake ni bapa, na ukingo wake ni mkali pande zote. Asiye nayo aweza kutwaa msumari mnene, akaikata ncha yake, akaunoa kwa tupa hata uwe bapa kabisa. Msumari huo wafaa kwa bati la kopo, lakini huwa butu upesi. Hapana budi kuunoa mara kwa mara.

1. Bati hunyoshwa, na mahali pa tundu hutiwa alama.

2. Bati huwekwa juu ya gogo la mti mgumu, upande uliokatwa kwa msumeno, ambako nyuzi za mti zimesimama wima. Nyuzi zilizolala hubonyea upesi, bali zilizosimama hustahimili. Wengine hutumia kipande cha risasi badala ya gogo. Lakini risasi ina sumu, na mwenye kuishika hana budi kunawa mikono kabla ya kula.

3. Tindo husimamishwa wima juu ya alama, ikapigwa pigo moja zito. Mapigo mengi madogo huihamisha tindo na kuliharibu tundu.

Fundi mwenye kazi nyingi huweka chini ya bati chuma chenye tundu, kubwa kidogo tu kuliko tindo. Hapo bati hukatwa kati ya kingo mbili kali, kama vile mkasi ukatavyo. Kijisahani cha bati huanguka chini, na tundu hubaki safi.

Njia ya keekee

Bati huwekwa katikati ya mbao mbili, na vyote vitatu hubanwa pamoja kwa jiliwa. Kisha jino la keekee hupitishwa katika ubao wa juu, katika bati, na kuingia katika ubao wa chini. Ubao wa juu huliongoza jino lisiyumbe. Ubao wa chini huishika ncha baada ya kulipenya bati, na kulizuia bati lisibonyee. Keekee huzungushwa polepole, hasa jino linapokaribia kutokea.

Bati lisishikwe kwa mkono hata kidogo. Jino likilinasa, bati huzunguka pamoja nalo, na ukingo wake hukata kama kisu. Watu wengi wameumia hivyo, tena kwa kazi waliyoidhani kuwa ndogo.

Tundu kubwa

Tundu lililo kubwa kuliko jino la keekee huchorwa kwanza kwa bikari. Ndani ya mstari hutobolewa matundu madogo yaliyokaribiana, yakiuzunguka mduara wote. Nafasi zilizobaki kati yake hukatwa kwa tindo ya kukatia, na kipande cha katikati huondolewa. Mwishowe tupa yenye mgongo wa mviringo hulikuza tundu hata lifike kwenye mstari. Afadhali kukata kidogo na kupima tena. Chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudishwi.

Kumaliza kazi

Hata tundu zuri huwa na makali upande wa chini. Hayo huondolewa kwa tupa laini. Kisha fundi hupitisha kipande cha pamba juu ya ukingo. Nyuzi zikinaswa, kazi haijaisha. Kidole kisitumiwe kwa kujaribu. Mtu akikatwa, kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, na kikiwa kirefu au kimeingia udongo huonyeshwa kwa mganga hospitalini, maana wadudu wa pepopunda huweza kuingia kwa njia hiyo.

Tena yafaa kukumbuka kwamba kopo si bati tupu. Aghalabu ni chuma chembamba kilichopakwa bati juu yake. Mahali palipokatwa, chuma hubaki uchi, na kutu huanzia hapo. Kitu kitakachopata maji au unyevu hupakwa rangi katika kingo za matundu yake.

Maswali

1. Kwa nini tundu baya ni hatari katika kibatari?

2. Eleza kwa nini keekee hutoboa tundu la pembe tatu katika bati jembamba.

3. Gogo huwekwa upande gani, na kwa sababu gani?

4. Ubao wa juu wasaidia nini? Na ubao wa chini?

5. Tafuta nyumbani vitu vitatu vya bati vyenye matundu. Tazama kingo zake, useme kila tundu lilitobolewa kwa njia gani.