Pete imekatwa, mbona mtoto bado anakoroma?

SWALI: Daktari, mtoto wetu wa miezi minne alizaliwa na mshipa wa damu uliozingira njia ya hewa. Alipasuliwa Nairobi, tukaambiwa mambo yameenda sawa. Tumerudi nyumbani, lakini bado anakoroma akipumua, na akinyonya hukohoa. Je, ugonjwa umerudi? — Mama, Kisiwa cha Remba

JIBU: Mama huyu ana haki ya kuuliza, ila mkoromo peke yake si ishara kwamba ugonjwa umerudi.

Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, huwa na tao moja. Watoto wachache huzaliwa na matao mawili, nayo hufanya pete inayobana bomba la hewa na umio. Robert Gross wa Boston alifanikiwa kuikata pete kama hiyo mwaka 1945, na hadi leo tiba ni kuifungua kwa upasuaji.

Upasuaji huondoa kibano, lakini bomba haliwi imara siku hiyo hiyo. Gegedu zinazolishikilia, zikiwa zilibanwa tangu mimba, hubaki laini. Mtoto akilia, kuta za bomba hukaribiana na sauti ikatoka. Hali hii huweza kuchukua miezi, hata mwaka au miwili, ikipungua kadiri anavyokua. Wachache huhitaji kupasuliwa tena.

Kilio kikiwa hafifu au kimekauka, huenda neva inayoendesha nyuzi za sauti imeumia, na maziwa hupalia kwa urahisi. Kikohozi cha kunyonya kisinyamaziwe: daktari aliyempasua aelezwe mapema.

Remba nyumba za mabati zimebanana, na moshi wa jirani huingia kwa jirani. Mtoto huyu akae mbali na jiko, koroboi, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ziwe zimekamilika, kwani kifaduro au nimonia humwelemea haraka kuliko wenzake.

Akigeuka buluu midomoni, akisita kupumua, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, au akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku. Homa nayo ichunguzwe siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa safari ni ya maji, familia ikubaliane mapema na mwenye boti ya injini atakayewavusha hadi Mbita, na ripoti ya upasuaji iwekwe pamoja na kitabu cha kliniki, tayari kubebwa.