Uzio wako usile ardhi ya jirani

Leo naomba tuache siasa kidogo, tuzungumzie ukuta.

Wengi wetu tuliotoka Kagera na kuhamia Dar es Salaam, Mwanza au Arusha tunafanana kwa jambo moja. Tukishapata vijisenti, la kwanza tunalofikiria nyumbani ni nyumba, na la pili ni uzio wa kuizunguka. Hakuna ubaya. Mtu ana haki ya kulinda mali yake, na kuisitiri familia ni jambo ambalo dini yetu imelihimiza. Tatizo langu mimi lilianza na uzi.

Nasema uzi, ule wa fundi. Mwaka 2017 nilikwenda Muleba, upande wa Kamachumu, kujenga uzio kwenye kibanja alichotuachia marehemu baba. Fundi alifika asubuhi, akafunga uzi kwenye mlamula wa kona ya juu, akauvuta hadi mlamula wa kona ya chini, hatua kama sitini hivi, akasema, "Bosi, mstari umenyooka." Kweli ulikuwa umenyooka. Mpaka wenyewe ndio haukunyooka. Kati ya milamula ile miwili ilikuwapo mingine mitano au sita, imepinda kuingia upande wetu, na uzi ukairuka yote, ukameza ukanda wa ardhi ya jirani wenye upana wa hatua tatu pale palipozidi. Ndani ya ukanda huo mlikuwa na migomba minane, mbuni mmoja na njia ya kwenda kisimani.

Jirani huyo ni mama mjane, mtu mzima, na si Muislamu. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye migomba yake akaniambia, "Mwanangu, baba yako alikuwa akipita hapa kila siku, na hakuuona mpaka huo unaouona wewe." Nikamjibu, "Mama, ni kipande kidogo tu, migomba nitakulipa." Nikilikumbuka jibu lile mpaka leo naona aibu, na ndilo linaloniandikisha makala hii.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, mlamula ni ule mmea wenye majani marefu kama visu, jamaa ya isale la Wachaga. Ukikata kijiti chake na kukichomeka ardhini kinachipua, hakifi kwa jua wala hakisumbui migomba, na kinaweza kuishi kuliko aliyekipanda. Ndiyo maana wazee wa Buhaya waliupanda mipakani mwa vibanja. Jina lenyewe liko karibu na neno la Kihaya okulamula, yaani kuamua. Mmea ule ni hakimu aliyesimama shambani. Na kama watu wetu wana uchungu na mpaka, wana sababu. Chini ya mfumo wa nyarubanja wapo wakulima wengi waliokaa kwenye ardhi ya bwana na kumlipa, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipokuja kuwafungua. Mtu ambaye babu yake alilima kwa ridhaa ya mwingine, hatua tatu za mpaka wake si kitu kidogo.

Sasa turudi kwenye dini. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja laana ya Mwenyezi Mungu kwa anayebadilisha alama za ardhi. Na katika Bukhari na Muslim kuna onyo juu ya mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri moja, kwamba atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shubiri, ndugu yangu, ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Mimi nilikuwa nimepania hatua tatu, na siku ya pili nilikuwa na nia ya kwenda kuswali Ijumaa safu ya mbele.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya akhera, hapa duniani mimi nina kibali. Hebu tuangalie kibali hicho kinasema nini. Ndani ya Manispaa ya Bukoba, kwenye viwanja vilivyopimwa, uzio wa tofali ni ujenzi kama ujenzi mwingine. Unapeleka halmashauri michoro na ushahidi wa umiliki, unasubiri kibali, ndipo unachimba msingi. Mpaka wa kiwanja ni bikoni zilizowekwa na mpima, na kuing'oa au kuisogeza bikoni ni kosa la jinai. Lakini kibali kinakuruhusu kujenga juu ya ardhi yako. Hakikupi ardhi ambayo hukuwa nayo. Kama umechukua shubiri ya jirani, muhuri wa halmashauri hauihalalishi, si mbele ya mahakama wala mbele ya Allah (s.w.).

Vijijini Muleba mambo ni tofauti. Huko inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Msimamizi wa ardhi ni Halmashauri ya Kijiji, na haki ya kimila ina uzito sawa na ile ya hati ya mjini. Kijiji kinaweza pia kujitungia sheria ndogo juu ya mapito, mifugo na vyanzo vya maji, zikapita kwenye mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo mtu wa Dar anapofika na lori la tofali, swali la kwanza halimhusu fundi. Ni kwa mwenyekiti wa kitongoji: hapa pana njia ya nani, na majirani ni akina nani? Aite majirani wa pande zote, watembee mpakani pamoja, wakubaliane, waandike na kutia saini mbele ya mashahidi. Anayefuatilia hati ya hakimiliki ya kimila atayapitia hayo hayo, maana mipaka huhakikiwa majirani wakiwapo.

Na hapo kwenye neno majirani niongeze jambo linaloniuma. Mara nyingi uzio ndio unaomaliza mirathi kimyakimya. Kaka anayeishi mjini anazungushia kibanja chote ukuta, anaweka geti na kufuli, na dada zake wanajikuta wageni kwa baba yao. Mila ya Kihaya iliwazuia wanawake kuuza ardhi ya ukoo, mpaka Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alipoamua mwaka 1990, katika shauri lililotoka Kagera, kwamba mwanamke ana haki hiyo sawa na mwanamume. Lakini sisi Waislamu hatukuhitaji kumngoja Jaji. Fungu la binti liko wazi katika Suratun Nisaa. Na ile Suratul Kahf tunayoisoma kila Ijumaa ina kisa cha ukuta uliosimamishwa bila ujira ili mali ya yatima wawili isipotee. Kuta zetu nyingine zinasimamishwa ili mali ya yatima ipotee.

Kuhusu njia, nilikuwa nimesahau hadithi moja nzuri sana, akanikumbusha sheikh mmoja. Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, iachwe dhiraa saba, yaani mita tatu na ushee. Ilikuwa njia ya kupita ngamia na mizigo yake. Tazama basi mitaa yetu ya leo, ukuta huku na ukuta kule, mpaka jeneza halipiti sawasawa. Wanazuoni wetu hawakuyadharau mambo haya. Huko Tunis, katika karne ya 14, fundi mwashi aliyeitwa Ibn al-Rami aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, yakiwamo ya kuta na njia. Na iko hadithi nyingine inayomkataza jirani kumzuia mwenzake asiegemeze boriti kwenye ukuta wake. Wanazuoni wamehitilafiana kama ni wajibu au sunna, lakini maana yake inatosha kutuaibisha sisi tunaopanga vipande vya chupa juu ya kuta.

Yapo mengine ambayo mwenye kujenga anapaswa kuyajua, nayataja kwa haraka. Barabara kuu ya Bukoba hadi Muleba na kuendelea ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ukuta ulioingia humo ipo siku utachorwa alama ya X. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Walio karibu na Ziwa Viktoria au Mto Kanoni wasidanganywe na dalali. Na tusisahau tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, siku chache tu kabla ya Idd el-Haji. Lilichukua roho za watu 17 mkoani Kagera na kubomoa majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Ukuta mrefu wa tofali usio na nguzo wala nondo, kando ya njia wanayopita watoto wa madrasa, ni hatari. Uzio wa miti au wa seng'enge na mimea una heshima yake.

Jirani akidhulumiwa aende wapi? Aanze na Baraza la Ardhi la Kijiji, au Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asikae kimya kwa kuona haya au kuogopa mwenye pesa, maana madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na ukuta hauchoki kusubiri.

Sisi hatukufika huko. Walikuja wazee watatu, wawili wakiwa na mikongojo, wakaihesabu milamula mmoja mmoja huku mama yule akiwafuata nyuma. Mtaro ambao fundi alikuwa ameshaanza kuuchimba tuliufukia siku ile ile. Ukuta ukafuata kona zote, ukaacha wazi njia ya kisimani, na fundi akadai tofali mia nne zaidi. Nikalipa. Wageni kutoka mjini huniuliza kama fundi wangu alikuwa amelewa.