Kulala garini Ziwa Masoko

SWALI: Julai nitaendesha peke yangu kutoka Mbeya kwa gari dogo, na nataka kulala garini karibu na Ziwa Masoko. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana, ila usifike usiku. Fika jua likingali juu, uende moja kwa moja kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe. Gari geni gizani huwatia watu wasiwasi. Omba kuegesha penye nyumba za watu, si ukingoni mwa maji.

Julai umechagua vyema: mvua za eneo la Tukuyu, liliko ziwa hilo, hunyesha sana Novemba hadi Mei, na udongo ukilowa, gari dogo hukwama. Baridi, lakini, ni kali, na hapa nakusihi: usilale injini ikiwaka ili upate joto. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya gari ni hatari ileile. Beba mablanketi, soksi nzito na kofia ya sufu. Vioo viwili viache wazi upana wa kidole, uzibe kwa kipande cha chandarua. Ukifunga vyote, pumzi yako itageuka maji na utaamka umelowa.

Asubuhi ulizia boma la zamani la Wajerumani karibu na ziwa. Inasimuliwa kwamba walitupa fedha zao ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Na ukiwa njiani, kwenye miteremko shuka kwa gia nzito. Breki zikikanyagwa mfululizo huchemka na kushindwa kushika.