SOMO KWA WANACHAMA: UZITO WA KAHAWA HUTOKA WAPI?

Katika chama cha msingi hakuna kitu kinacholeta manung'uniko kama mizani. Mwanachama aliyeleta magunia 6 msimu uliopita huja na 2 msimu huu, na karani anapotamka uzito, watu hutazamana. Kamati huitishwa, na mkaguzi hutakiwa ahakikishe mizani ile. Kudai hivyo ni haki ya mwanachama, wala mizani isiyokaguliwa isitumike hata siku moja. Lakini mara nyingi mizani huonekana kuwa sawa. Upungufu ulikwisha kutokea zamani, shambani, mahali pasipo na karani wala daftari. Ulitokea katika majani ya mikahawa.

Watu wengi huamini kwamba mmea hula udongo. Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa Brussels, alilijaribu jambo hilo kwa kupima. Alipanda mche wa ratili 5 ndani ya chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu kwa muda wa miaka 5. Mwishowe mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufariki. Hesabu yake ni safi kiasi cha kumpendeza mkaguzi yeyote, ila hitimisho lake lilikuwa nusu kweli: alidhani kwamba uzito wote ulitokana na maji. Hakuwazia kwamba hewa nayo yaweza kuwa mali iliyoingia.

Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha sehemu nyingine ya siri hiyo. Majani mabichi yakitiwa majini na kuwekwa juani hutoa mapovu ya hewa safi. Yakiwekwa gizani hayatoi. Tena ni sehemu za kijani tu zifanyazo kazi hiyo.

Siku hizi kazi hiyo huitwa usanisinuru. Rangi ya kijani ya jani, yaani umbijani, hunasa mwanga wa jua. Kwa nguvu ya mwanga huo maji yaliyopandishwa na mizizi hupasuliwa. Oksijeni hutoka nje, na haidrojeni iliyobaki huunganishwa na hewa ukaa na kuwa sukari. Kutokana na sukari hiyo mti hujenga wanga, mbao, na mafuta yaliyomo ndani ya punje ya kahawa. Nguvu ya jua haikupotea, imefungwa humo. Mwenye kuota moto wa kuni huota jua la miaka iliyopita.

Yafaa ieleweke kwamba hewa ukaa ni haba mno: katika kila sehemu 10,000 za hewa, ni kama 4 tu. Jani huipokea kwa vitundu vidogo sana, ambavyo katika mkahawa viko upande wa chini. Vitundu hivyo vinapokuwa wazi, maji nayo hutoka. Jua linapokuwa kali na hewa kavu, jani huvifunga ili lisinyauke, na hapo kazi hupungua ingawa mwanga ni tele. Kwa hiyo jua kali kupita kiasi si chakula kingi. Mbolea nayo si chakula chenyewe, bali ni vifaa vya kiwanda. Naitrojeni na magnesi zimo ndani ya umbijani, na zikikosekana jani hugeuka manjano.

Sasa turudi kwenye yale magunia. Asili ya kahawa ya arabika ni misitu ya milima ya Ethiopia, chini ya kivuli cha miti mikubwa, ambako huchanua maua machache. Ikipandwa penye jua jingi, huchanua kila pingili. Mwembe uliolemewa huangusha vitunda vyake vingi. Mkahawa, baada ya majuma ya mwanzo, hung'ang'ania karibu vyote. Matunda hayo huvuta sukari kwa muda wa miezi 7 hadi 9. Majani yasipotosha, mti hutoa wanga uliowekwa akiba katika shina na mizizi. Vimizizi hufa, matawi hukauka kuanzia ncha, na punje nyingine huwa mapepe. Kwa kuwa mkahawa huzaa juu ya matawi yaliyokua mwaka uliotangulia, msimu unaofuata hakuna pa kuzalia. Magunia yale 6 yaliyoshangiliwa yalilipwa kwa mtaji, na hakuna aliyeyaandika kama deni.

Kutu ya majani huharakisha hasara hiyo. Kuvu hii huingia kwa vitundu vilevile vya upande wa chini, huonekana kama unga wa rangi ya chungwa, kisha jani hupukutika. Katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, ilionekana mwaka 1869, na baadaye wenye mashamba wakaiacha kahawa wakapanda chai. Dawa yenye shaba huzuia ugonjwa usiingie. Hailirudishi jani lililoanguka. Anayeinyunyizia juu ya majani tu amemwaga fedha yake.

Kupogolea na kuondoa maotea hupunguza mzigo wa matunda na kuingiza mwanga ndani ya mti. Migomba ya vihamba vya Kilimanjaro huukinga mkahawa na joto na upepo, lakini ikisongamana mno mkahawa hukosa mwanga na maua. Wazee waliojua kuipunguza kwa kiasi walikuwa wakipima mwanga, japo hawakuuita hivyo.

Jambo hili huigusa kamati wakati wa mikopo ya pembejeo. Mwanachama huhesabu matunda mabichi, huandika makisio, naye hukopeshwa kwa makisio hayo. Tawi lililojaa matunda huku majani yamebaki jozi 2 au 3 za nchani halitatimiza makisio hayo. Tawi la namna hiyo lionyeshwe kwa bwana shamba kabla fomu haijatiwa sahihi, na yahesabiwe majani pamoja na matunda.