Ua la Uani: Njia ya Kujifunza Kamera

Ua la hibiskasi huchanua asubuhi na kunyauka kabla siku haijapita. Kesho litachanua jingine kwenye kichaka kile kile. Ndiyo maana anayeanza kupiga picha namshauri aanzie hapo, uani kwake Msamvu, mjini Morogoro, kabla hajafikiria mahafali, harusi au tembo wa Mikumi. Bibi harusi hakupi nafasi ya kukosea. Ua litakusubiri, na ukiharibu leo, kesho liko jingine.

Nilipoanza nilipoteza majuma mengi kwa kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Picha ikitoka nzuri sikujua ni kwa nini, ikitoka mbaya vilevile. Nilipojiwekea sharti la kugusa kitu kimoja tu kwa siku, kamera ikaanza kueleweka. Dakika kumi zinatosha, mradi zisikose siku.

Anza na tundu la lenzi, linalofanya kazi kama mboni ya jicho: hupanuka na kusinyaa. Namba zake huwachanganya wengi, kwa sababu f/4 ni tundu kubwa na f/16 ni dogo. Zichukulie kama sehemu: robo ni kubwa kuliko moja ya kumi na sita. Weka kamera kwenye modi ya A (kwenye Canon imeandikwa Av), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, kisha piga ua moja mara tatu: f/5.6, f/8 na f/16. Usisogee. Halafu tazama kilichoko nyuma ya ua. Kwenye f/5.6 kamba ya nguo imeyeyuka ikawa rangi tupu. Kwenye f/16 unaweza kuhesabu vibanio. Kesho yake rudia zoezi ukiwa karibu zaidi, uone jinsi ukaribu nao unavyofifisha mandhari. Kaa na tundu wiki nzima.

Wiki ya pili ni ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi. Tumia modi ya S (Tv kwenye Canon), ungojee upepo. Kwa 1/30 ya sekunde ua linalotikisika huwa ukungu. Kwa 1/500 hutulia hata kama kichaka chote kinacheza. Hapo utagundua kwamba mwanga ni kama chenji: ukitoa hapa, rudisha pale. Kutoka 1/125 kwenda 1/250 umepunguza mwanga kwa nusu, sawa na kutoka f/5.6 kwenda f/8. ISO ukiipandisha kutoka 200 hadi 400 unaongeza mara mbili, lakini ukizidisha sana picha hujaa chenga.

Sasa rangi, na hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa ndipo wengi hukata tamaa na kulaumu kamera. Kamera haijui kama inatazama yasmini au mkaa. Hupima mwanga na kudhani kila kitu kina weupe wa wastani. Kwa hiyo yasmini ikijaza picha hutoka ya kijivu, na ua jeupe lililo peke yake mbele ya majani meusi huungua likawa doa tupu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Yasmini ikijaza picha, ongeza hadi +1. Ua dogo jeupe kwenye giza, punguza hadi -1. Hibiskasi nyekundu ni mtihani wake: wekundu hujaa mapema kuliko rangi nyingine, mishipa ya petali ikapotea, nawe unabaki na kitu kama plastiki iliyoyeyuka. Mara nyingi kupunguza kidogo, -0.7 hivi, hurudisha mishipa.

Saa nazo zina uzito. Morogoro iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda haraka, na kufikia saa tatu asubuhi vivuli vimekuwa vikali. Piga kabla ya saa mbili, au baada ya saa kumi na moja jioni. Ikibidi mchana, mwombe mtu akushikie shuka jeupe juu ya ua likalainishe jua. Siku za masika, mawingu yanapofunika milima ya Uluguru na mji kwa pamoja, hiyo kazi ya shuka yanaifanya yenyewe. Siku kama hizo mimi hupiga hata saa sita.

Mwenye simu asijione ameachwa. Simu nyingi tundu lao halibadiliki, lakini gusa ua kwenye kioo, kisha telezesha kidole kushusha mwanga. Na futa lenzi kwanza: vumbi na jasho la mfukoni vimeharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu.

Kamera yenyewe huhifadhi namba zake ndani ya faili la picha. Isichohifadhi ni ulichokusudia. Kwa hiyo weka daftari, na kabla ya kubonyeza andika unachotarajia: “f/5.6, ukuta utafifia.” Wakati wa filamu yenye picha 36, bila kioo cha kutazamia, wapiga picha walilazimika kukisia hivyo. Walikuwa na kanuni ya jua kali: f/16, na shata iwe karibu sawa na ISO, yaani 1/125 kwa ISO 100. Ijaribu adhuhuri moja, uilinganishe na hesabu ya kamera.

Makisio yako yakianza kutimia, panda mlimani. Misitu ya Uluguru ina mimea isiyoota kwingine duniani, na miongoni mwa jamii zake za maua imo saintpaulia, jamaa ya yale maua madogo ya zambarau yanayopamba madirisha Ulaya, yaliyopelekwa Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892. Pata kibali kabla ya kuingia hifadhini, na usichume. Chini ya miti kuna giza: anza na ISO 1600, tundu f/4 kama lenzi inaruhusu, shata isishuke chini ya 1/60, na egemeza viwiko magotini.