SOMO: HARUFU YA MIMEA NA ULINZI WA MIEMBE YETU

Katika toleo hili tunajifunza namna ya kupambana na nzi wa matunda bila kuwaua wadudu wanaotusaidia. Somo linazihusu kamati za sharika za Bukima zenye miembe katika miradi yao, pamoja na wafadhili wanaoombwa fedha za bomba na dawa.

Nzi huyu asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, embe likaoza na kudondoka. Funza akiwa ndani, dawa ya kupuliza haimfikii.

Nyigu wa asili wa Afrika hawakumweza. Kwa sababu hiyo kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilileta nyigu wadogo kutoka Hawaii. Mmoja wao hufuata harufu ya tunda lililotagiwa, kisha hutaga yai lake ndani ya yai la nzi. Ukipuliza dawa mti mzima, nyigu huyo naye hufa.

Hapo ndipo mimea inapotusaidia. Methili yujenoli, iliyomo katika mafuta ya baadhi ya mimea ya jamii ya mrehani, huwavuta madume wa nzi huyu kutoka mbali. Huwekwa kwenye pamba pamoja na dawa kidogo, ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa, ikatundikwa kivulini mtini. Nzi huifuata sumu mwenyewe. Nyigu hubaki salama.

Lakini mtego huu haukamati majike. Kwa hiyo tunashauri:

1. Majirani wote watundike mitego kwa pamoja, kabla maembe hayajakomaa. Shamba moja lililoachwa huzalisha nzi wa kijiji kizima.

2. Maembe yaliyodondoka yaokotwe kila mara na kufungiwa katika hema la wavu wa matundu madogo sana. Nzi hushindwa kutoka. Nyigu hupenya na kurudi kazini. Pasipo hema, yafukiwe futi mbili.

3. Nyigu wasiletwe kiholela. Kamati ionane kwanza na afisa ugani, maana kibali ni cha Serikali.

Bajeti ya msimu ujao ianze na mitego, wavu na zamu za kuokota. Bomba liandikwe mwisho, nasi wafadhili na kamati tuulizane kama bado linahitajika.